Mama Tumbo Amezaa Tena

Jumanne, 4 Oktoba

Maji ya bokali, ile chombo ya kioo ya samaki, imekuwa baridi tena. Karuba yetu ya milimani na baridi yake! Nimeweka chupa mbili za maji ya moto, nimezifunga na kitambaa, nikaziegemesha kwa kioo, vile nafanyaka kwa watoto wanaozaliwa mbele ya wakati. Nusu saa, samaki zote nne zikaanza kutembea. Nimezalisha wamama wa huku miaka makumi tatu. Samaki njo itanishinda?

Ziko nne. Shefu, dume, mukia kama kitenge cha sikukuu. Mama Tumbo, bibi yake. Na Mapacha, majike mbili nyekundu, wapole, hawagombane na mutu. Ni za binti yangu Neema. Alizileta toka Goma akimaliza masomo, akaniachia mwezi wa tisa, wakati alienda kufundisha Walikale. Zinazaa watoto wazima, hazitage mayai. Mbele ya wageni nilimucheka: samaki ya kutazama tu, haiingie ata kwa sufuria? Akaendelea kufunga muzigo yake. Aliondoka bila kuniaga muzuri. Inaniuma mupaka leo.

Aliacha karatasi ya maelezo. Nikasema, mutoto yangu atanifundisha mimi kuzalisha? Nikawashia nayo makala ya jiko.

Alhamisi, 6 Oktoba

Shefu amekufa. Nimemukuta asubuhi juu ya maji, amelala ubavu. Uzee ao baridi, sijui. Nimemuzika kando ya maharagi. Papa Bahati, jirani anayeniletea maziwa, akasema pole sana, halafu akauliza kama hangefaa kukaanga. Mujinga huyu! Nimecheka na machozi iko inatoka.

Mesaji ya Neema: samaki ziko muzuri, Mama? Nimejibu: muzuri sana. Nimedanganya mutoto yangu.

Jumapili, 9 Oktoba

Amezaa! Nimetoka misa, nikakuta bokali imejaa vitu vidogo vyenye macho. Kumi na saba! Nimepiga vigelegele peke yangu ndani ya nyumba. Na bado nimevaa viatu vya kanisa.

Saa kumi nimehesabu tena. Kumi na mbili. Mapacha! Njo wao. Kumbe upole wote ule ni wa uongo. Nimewatoa, nikawatupa kwa beseni. Mama na watoto nimewaachia bokali yote, nikafunika na kitenge. Kwetu muzazi anakaa ndani na mutoto yake, anapumuzika, wageni hawaingie. Kazi ninaijua.

Jumatatu, 10 Oktoba

Hakuna ata moja.

Mama Tumbo anaogelea peke yake, anafungua mudomo, anangoja chakula. Yeye njo aliwakula. Nimewafungia watoto pamoja na mwizi, nikawafunikia na kitenge.

Mapacha wananiangalia toka kwa beseni. Nimewaomba samahani, kwa sauti. Wanasema asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mudogo, na guu imevunjika. Dume hakuna. Watoto hakuna. Neema anakuja kwa Noeli, na samaki zake zinaishia mikononi mwangu. Nina haya sana.

Jumamosi, 29 Oktoba

Sijaandika siku nyingi. Wazazi watatu wiki hii, moja mapacha ya kweli.

Leo natazama Mama Tumbo. Tumbo! Nimevaa miwani. Tumbo kabisa. Mimi sidanganyike na tumbo. Lakini Shefu amekufa siku makumi mbili na tatu!

Nimemuita Papa Bahati ashuhudie.

"Mujane anabeba mimba? Mama, na wewe ni mujane, ujichunge."

Nimemufukuza na mufagio. Maziwa nimeibakisha.

Nimewaza siku nzima. Labda alibaki na mbegu ya bwana yake ndani. Mungu ana akili yake. Niko na furaha mupaka sikusikia njaa.

Jumatano, 2 Novemba

Nimeshuka mutoni, nimevuna majani ya maji, ile ndefu. Nimejaza nayo bokali, watoto wapate pa kujificha. Na nimekata shauri: akimaliza kuzaa, mama anatoka. Roho inakataa. Kutenganisha muzazi na mutoto, mimi!

Jumanne, 8 Novemba

Hakuli. Anajificha kwa pembe. Nimeomba ruhusa kazini, nikasema niko na muzazi nyumbani. Si uongo.

Saa ine, wa kwanza. Anaanguka kama punje ya mutama, kisha anastuka, anakimbilia majani. Halafu mwingine. Halafu mwingine! Makumi mbili na mbili. Nimemuteka mama na kikombe, nikamupeleka kwa beseni ya Mapacha. Nimefanya polepole, kama siku yangu ya kwanza ya kazi.

Jumatano, 9 Novemba

Makumi mbili na mbili! Nimehesabu mara tatu. Nimeimba njia yote mupaka kazini.

Jumapili, 11 Desemba

Wamebaki kumi na tisa. Ninawapa kiini cha yai, ninakisaga kabisa. Moja ameanza kupata rangi kwa mukia, nyekundu na buluu. Rangi ya Shefu.

Papa Bahati amekaa mbele ya bokali asubuhi yote, maziwa ya watu ikangoja. Haulize tena mambo ya kukaanga. Anaomba mbili za kwake.

Neema atafika nyuma ya siku kumi na mbili. Ninaogopa. Ninaweza kunyamaza. Samaki ni nyingi, huyu mudogo anafanana na baba yake. Nani atajua?

Ijumaa, 23 Desemba

Amefika na pikipiki, matope mupaka masikioni. Hakuvua ata viatu. Moja kwa moja kwa bokali. Akahesabu na kidole, akaruka, akanikumbatia na matope yake yote.

"Mama, kweli wewe njo muzalishaji!"

Hapo ningenyamaza. Nimeshindwa. Nimemuambia yote: Shefu, karatasi, wale kumi na saba, mesaji ya uongo. Na kicheko changu mbele ya wageni. Nikasema nisamehe, mwanangu.

Akaketi chini, akavua viatu vyake vya matope.

"Ata zangu za kwanza zilikulwa, Mama. Zote. Nililia siku mbili."

Tumecheka mupaka Papa Bahati akaja mbio kuuliza nani amezaa tena.

Nimemuomba aniandikie karatasi ingine, sawasawa na ile ya kwanza.

Jumamosi, 24 Desemba

Mvua. Neema bado amelala. Chupa za moto ziko tayari.

Karatasi nimeibandika kwa ukuta, kando ya bokali. Mustari ya tatu inasema nitoe mama akizaa. Ya pili, niweke majani. Ya kwanza: "Mama, ikikushinda, unipigie tu. Sitakasirika."

Jana nilimuuliza kama ata ile niliyochoma ilianza hivyo. Alisema ndiyo.

Nimeisoma tena sasa. Shefu mudogo anazunguka ndani ya majani. Ninaenda kumuchemushia mutoto yangu maziwa.