Sarafu Aliyoiokota Zornitsa

Dolno Kale, Septemba

Kwa dada yangu mpenzi Stanka,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu Danubi. Vipi miguu, bado inavimba? Na shemeji, ameacha sigara au bado anajificha nyuma ya banda la kuku? Sisi ni wazima. Zabibu tumeshavuna na, nisikudanganye, kijiji kizima hakuna zilizofikia zangu kwa utamu.

Sasa nikupe habari za binti yangu Zornitsa. Kiangazi chote amechimba na akina profesa kwenye kambi ya Warumi, pale tulipokuwa tukichunga mbuzi. Mkono wake mwepesi, dada! Anafagia udongo kwa brashi utadhani anapangusa uso wa mtoto mchanga. Tuliambiwa tangu mwanzo kwamba msimu ukiisha profesa atachagua msichana mmoja tu wa kazi ya kudumu makumbusho mjini. Mimi nilijua ni wangu.

Kumbe Velichka, jirani yetu wa paa jipya jekundu, naye alijua ni wake. Binti yake Iskra, anayechimba huku kucha kazipaka rangi, akagonga chungu chini ya sakafu ya bweni la askari, kimejaa sarafu za fedha! Akapigwa picha gazetini. Tangu hapo Velichka hatembei bila gazeti lile. Dukani analitandaza juu ya mikate na kuniuliza mbele za watu, "Mama Zornitsa, wako leo kapata nini? Mifupa ya kuku tena?" Nikamjibu kwamba hata mbuzi wetu walikuwa wakigonga vyungu pale, na hakuna aliyewapiga picha. Watu wakacheka. Nilimchukia mpaka mbwa wake.

Wiki iliyofuata Zornitsa naye akapata, bweni lilelile. Sarafu moja, nyeusi, ina kichwa cha mfalme na tundu karibu na sikio. Profesa Lilyana aliruka kama msichana. Alisema ni ya mfalme wa baadaye sana kuliko wale wa chungu cha Iskra, kwa hiyo bweni lile lilikaliwa miaka mia zaidi ya walivyodhani; na tundu lile maana yake kulikuwa na mwanamke aliyeivaa shingoni. Nikaenda dukani kununua chumvi nisiyoihitaji. Nikamwambia Velichka chungu ni chungu tu, wangu amebadilisha historia.

Ila Zornitsa mwenyewe hakuchangamka. Aliigeuzageuza ile sarafu, akalipapasa lile tundu. Kesho yake, watu wamekaa wanakula mkate na maziwa mgando, akasimama akasema, "Profesa, usiandike. Mwanamke aliyeivaa ni marehemu bibi yangu Dobra. Mama ndiye aliyeifukia."

Ndiyo, dada, ni mimi. Niliikata kwenye mkufu wa harusi wa mama yetu, ambao ni wako pia, unisamehe. Niliifukia mahali anapochimba Zornitsa, yeye na wenzake walipokwenda kupumzika. Baba si aliiokota palepale akilima? Nikaona nairudisha tu kwao. Sikujua kwamba kila tabaka la udongo lina umri wake.

Velichka alicheka mpaka akakaa chini. Zornitsa akabeba blanketi, akahamia kwenye mahema ya wachimbaji, haniongeleshi. Basi Ijumaa profesa akachagua. Akamchagua Zornitsa! Alisema vitu vya makumbusho atamkabidhi mtu anayeweza kusema ukweli hata ukimwangukia mama yake mzazi. Umesikia? Wangu huyo! Velichka gazeti lake sasa anafungia vitunguu.

Ningecheza, dada, lakini atakaa mjini, nyumbani kwa profesa. Jana walipita na gari kuchukua nguo. Alinibusu haraka, kama mtu anavyobusu picha ya mtakatifu kanisani huku foleni inamsukuma. Kisha profesa akaita, "Njoo, binti yangu, tunachelewa," naye akaitika papo hapo. Mimi humwita mpaka sauti inakauka. Nikampa profesa chupa za pilipili za kuchoma. Nilimchagulia zile zilizoungua.

Nisalimie shemeji na wajukuu, uwabusu wote kwa niaba yangu. Ukimwandikia Zornitsa, mwambie nimeuliza kama anakula vizuri.

Ni mdogo wako,
Yordanka,
mama yake Zornitsa, mimi na si mwingine.