Theluthi ya Nguvu za Ostap

Hamilton, tarehe 9 Machi

Dada yangu Slavka,

Salamu nyingi zikufikie huko Saskatoon, wewe na shemeji Petro na wajukuu wote. Naomba Mungu goti lako liwe limepoa na baridi ya huko iwe imeanza kulegea. Sisi huku wazima wa mwili. Wa moyo, hapana. Halya hajambo kwa kadiri mjane anavyoweza kuwa hajambo. Anakusalimu, na anasema mablanketi uliyotuma yamefika.

Arobaini ya mdogo wetu Ostap tuliisoma juzi Jumamosi. Padri aliimba vizuri, Halya alipika ngano ya asali kama alivyokuwa akiipika mama, na watu walijaa, hasa wale wa kiwanda cha chuma. Wazee watupu, wamesimama nyuma na kofia mikononi kama wanaomngoja msimamizi wa zamu. Ulikosekana wewe tu, na hakuna aliyekulaumu. Goti ni goti.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile karatasi ya malalamiko. Unataka nitie sahihi chini ya yako na ya Halya, kwamba Bi Loredana Pasini, nesi wa kliniki ya moyo, alimwambia Ostap aache vidonge vya presha na ategemee kidude cha kuminya, na kwamba kwa kauli hiyo alimuua. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nesi amesimamishwa tangu Februari, na wakimwona ana hatia hatamgusa tena mgonjwa maisha yake yote. Nimeisoma karatasi hiyo mara nne, na sahihi sijatia. Nivumilie nikueleze kwa nini, nianzie mwanzo, maana wewe hukuwapo.

Kidude chenyewe si uchawi. Ni kishikio kinene kama mpini wa nyundo, chenye kioo kidogo cha tarakimu. Kwanza unakiminya kwa nguvu zako zote, nacho kinapima. Halafu kinakutaka ushikilie theluthi tu ya nguvu hizo kwa dakika mbili, upumzike, ubadili mkono, hadi mara nne, siku tatu kwa wiki. Bi Loredana alisema mishipa hujifunza kulegea kidogo kidogo kwa njia hiyo, na kwamba kazi ya kidude ni kusaidia vidonge, si kuvifukuza. Tena alimwamuru ahesabu kwa sauti kila anapominya, asije akabana pumzi, kwa sababu ukibana pumzi presha inapanda badala ya kushuka.

Unamjua Ostap. Alicheka mpaka akakohoa. "Theluthi! Mimi nimeshika koleo za chuma cha moto miaka thelathini na sita. Ningeshika kwa theluthi, si ningekuwa sina miguu?" Nesi akamjibu pale pale: "Hapa hakuna chuma, mzee wangu. Hapa mshindi ni mvivu." Tangu siku ile akampenda yule mama. Jioni akikaa jikoni anaminya, anahesabu kwa Kiukreni kwa sauti ya kuamsha mtaa, na Halya anamwambia hata kuku wa kwa jirani sasa wanajua kuhesabu. Presha yake ilianza mia sitini na nne. Wiki ya tisa ilishuka hadi mia arobaini na nane. Kilifanya kazi, Slavka. Nataka ulijue hilo, kwa sababu katika karatasi yako umekiita mtego.

Kwenye kliniki nilikuwa nampeleka mimi. Masikio yake yaliuawa na kiwanda, hilo unalijua, na kwenye simu alikuwa hasikii kitu ila mvumo. Kwa hiyo siku ya kwanza alimwambia nesi: "Ukiwa na neno, mpe Myron. Huyu ndiye masikio yangu." Akaandika hivyo na kutia sahihi.

Sasa uje kwenye ziwa. Kila Januari tunakwenda Simcoe kuvua kwenye barafu, Ostap na mimi na rafiki yetu Wally Furlong, siku tano kibandani. Mwaka jana vidonge vile vya presha, vya kutoa maji mwilini, vilimtesa. Kila nusu saa anafungua mlango kwenda kukojoa, baridi yote inaingia ndani, na Wally hakumwachia: "Funga mlango, mkojozi! Samaki wanapata mafua!" Ostap alicheka, lakini kwenye gari wakati wa kurudi aliniambia hatakwenda tena. Mwaka huu alibadili nia. Alimwambia Halya maneno unayoyajua: "Nesi kaniruhusu niviache hizo siku tano." Akaviacha juu ya friji, akabeba kidude chake tu.

Siku ya nne, mchana, samaki hawali, Wally akakitoa kwenye mkoba wa Ostap. Alipoelezwa habari ya theluthi akapiga kelele kwamba hiyo ni nguvu ya kushikia kikombe cha kahawa. Akaminya yeye, kilo hamsini na mbili. Nikaminya mimi, arobaini na saba. Ungekuwa nani umzuie mtu wa koleo wakati huo? Kwetu sisi mkono ndio cheti cha mtu. Ostap akavua glavu, akakishika, akafunga mdomo. Hakuhesabu. Uso ukawa mwekundu, mishipa ya shingo ikasimama, na kioo kikaonyesha sitini na moja. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Akarudia kwa mkono wa kushoto, akarudia tena kwa wa kulia. Halafu akasema kichwa kinamuuma, akakaa juu ya ndoo, na neno lililofuata lilitoka limepinda. Pikipiki ya theluji ilichukua dakika arobaini hadi ufukweni.

Daktari alituambia mshipa wa kichwani umepasuka. Alisema hawezi kuapa ni kipi kilichomaliza kazi, lakini aliuliza swali moja: nani alimruhusu kukaa siku nne bila dawa? Halya akamtaja nesi. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikatazama viatu vyangu.

Sikukwambia kwamba Bi Loredana alikuja kwenye arobaini. Alikaa benchi la mwisho, hakupokea hata chai. Watu walipotoka alinifuata, amekonda, akaniuliza mbele ya Halya, bila ukali: "Bwana Myron, yale niliyokupa kwa simu, ulimfikishia?" Nikamwambia ndiyo, nilimfikishia kama alivyoyasema. Akavaa kofia yake, akaenda zake. Halya alinishika mkono kunishukuru. Slavka, mkono ule ulinichoma.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia kwenye simu ya nyumbani kwa Halya, Jumatatu kabla ya safari. Ostap alikuwa nje akikwangua theluji, nikapokea. Bi Loredana alisema namba zimeshuka, anafurahi, lakini nimwambie Ostap asiruke kidonge hata siku moja, ziwani wala popote. Alirudia mara mbili. Nikatoka nje nikamwambia ndugu yangu, karibu na sikio, kwa sauti kubwa ili asikie vizuri: "Kasema uko sawa. Unaweza kuviacha hizo siku tano." Akanikumbatia pamoja na koleo lake la theluji.

Nilimtaka aje. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo. Tangu mke wangu Anna afe, nyumba yangu ina kiti kimoja chenye mtu, na mwaka mzima nilikuwa nangojea siku hizo tano. Nikajiambia namba zimeshuka, siku tano haziui.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Halya kumwambia, kabla sijaitia barua hii posta, ili nisipate nafasi ya kugeuka. Alhamisi ile nitakwenda kikaoni kuwaambia hao wanaomhukumu yule mama. Wewe nakuomba kitu kimoja. Kwenye karatasi yako kuna mstari wa aliyemwambia marehemu aache vidonge. Futa jina lililopo. La kweli wewe ndiye uliyenifundisha kuliandika, nikiwa na miaka mitano, kwenye meza ya mama.

Msalimie Petro, uwabusu wajukuu. Usipotaka kunijibu, mwandikie Halya. Yeye anahitaji barua zako kuliko mimi.

Ni mimi nduguyo,
Myron