Bomba la Boru

Jumatatu, 3 Septemba 1984
Ng'ombe wetu wa mwisho amekufa kwa kiangazi. Dereva wa lori ametoka malishoni Korbesa na habari. Boru hakulia. Alikaa mlangoni, hapa Kiwanjani, fimbo magotini, mpaka giza likaingia. Mume wangu bila ng'ombe – simjui mtu huyu.

Alhamisi, 6 Septemba
Leo ameongea! Alikunywa chai hotelini na mwalimu Anderson. Eti kile cheusi cha penseli na almasi ni kitu kimoja, kaboni. Kwenye penseli imepangwa kama karatasi, zinateleza, ndiyo maana inaandika. Ikigandamizwa kwa nguvu kubwa ndani ya moto mkali, inashikana kila upande – almasi! Wazungu wanatengeneza kwa mashine. "Qabale, jiwe haifi na kiangazi," akasema. Macho yanawaka. Nimeogopa.

Jumapili, 9 Septemba
Amebeba penseli zangu zote za darasa la ngumbaru, lile la watu wazima. Amepasua betri za redio, akatoa zile fimbo nyeusi za katikati. Amesaga zote. Lochoro, fundi wa welding, alikataa, mwisho akakubali: amemzibia unga huo ndani ya bomba la chuma, huku na huku, eti moto uugandamize humo.
Nimemkimbilia Mwalimu. Alishika kichwa. Akasema nguvu yenyewe ni kama malori matano yenye mzigo juu ya ukucha mmoja. "Mama Nimo, hilo bomba litapasuka tu. Mzuie!"
Nimejaribu. Boru akaniuliza kama nataka arudi kukaa mlangoni.
Nikamwachia bomba lake. Ya Rabbi, nikamwachia!

Jumatano, 12 Septemba
Moto tangu asubuhi, nyuma ya nyumba. Bomba jekundu. Nimempeleka Nimo kwa jirani. Nimemsihi babake, nimemvuta shati. Akauondoa mkono wangu polepole, kama mtu anayeondoa mkono wa mtoto.
Nimechukua debe la maji nizime. Lochoro akapiga kelele kutoka barabarani: nisimwage, chuma kikipata baridi ghafla kitapasuka! Basi nimekaa ndani. Naandika dirishani, nawaona wote wawili.
Mlio mwembamba – unatoka kwenye bomba. Lochoro anamwita Boru atoke. Hatoki. Anaimba! Wimbo wa kunywesha ng'ombe kisimani, ile sauti niliyoolewa nayo.
Sasa ananiita. Anacheka. Njoo uone, Qabale, njoo!
Nimeshasimama. Lochoro ananikataza kwa mikono yote miwili, na mimi naweka kalamu, naenda kwake Boru