Hali ya Magego Tangu Uondoke

Kasiani mwanangu,

Naanza na upepo, maana wewe ukirudi safari hata salamu zetu ulikuwa huzisikilizi mpaka uambiwe kwanza upepo umelalaje. Basi: Mwera unavuma. Umeanza Jumatano, unatoka kusini moja kwa moja, na ziwa limekuwa na rangi ya majivu ya mkaa. Mawe ya Magego yanatoa povu kuanzia jiwe la nje mpaka lile jiwe dogo mnaloliita Kuku. Asubuhi nilisimama pale juu ya mwamba nikahesabu mawimbi kama ulivyonifundisha. Makubwa matatu, halafu utulivu kidogo, halafu makubwa matatu. Jua likipanda utulivu unafupika. Mchana haupo kabisa. Mimi naona hali itakuwa hivihivi mpaka mwezi uandame, na baada ya hapo tutapata siku mbili tatu za maji kulala.

Umeona? Mama yako siku hizi anasema kama bwana wa hali ya hewa wa kwenye redio.

Ubao wako ninauandika mimi. Baada ya mazishi ubao ulikaa wiki nzima pale kwenye ukuta wa ghala la zamani la ushirika, ukiwa na maandishi yako yaleyale, watu wanapita wanainamisha vichwa. Nikaona hapana. Nikachukua chaki, nikafuta, nikaandika. Katekista aliniambia mwandiko wangu unasomeka kuliko wako, na kweli unasomeka. Darasa la nne la enzi zetu si mchezo, na juu yake nikaongeza kisomo cha watu wazima, nikawa wa kwanza. Naandika kama ulivyokuwa unaandika wewe: upepo, mawimbi, halafu Magego. Na kwenye Magego naandika nani apite, mojawapo ya yale matatu: Wote. Wazoefu tu. Hakuna.

Sijalia, mwanangu. Nakuambia usije ukasikia kwa wengine ukadhani sikukupenda. Wanawake walinizunguka siku tatu wakisubiri nilie, mpaka Mama Oliva akanifinya mkononi kwa siri, akadhani nimepoteza fahamu. Nilikuwa nawaona wote. Nilimwona mama wa yule binti wa Litembo, aliyeshuka mlima na debe la maharage na kahawa ya kukaanga kichwani, akakaa kwenye mkeka wangu kama mkwe hasa wakati hata barua ya posa hatujapeleka. Nikawaza, maharage haya yametoka kwenye ngoro, yale mashamba yao ya mashimo, ni mazito. Ndicho nilichowaza. Mtoto wangu amelala ndani, mimi nawaza uzito wa maharage. Mpaka leo niko hivyo. Nikila sijui kama chumvi imo.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu.

Padri alihubiri kwamba Mungu amechuma ua lake. Bwana Haraka, yule mwenye lori wa Songea, alisimama msibani akasema ni ajali ya kazi. Batista mdogo wako, ambaye ndiye aliyekutoa majini, hasemi lolote. Hakuna hata mmoja aliyeninyooshea kidole. Nami nimekaa kimya, nimeyapokea maneno yao yote na pole zao na sukari yao.

Lakini wewe ulikuwapo. Unajua.

Zamani hapakuwa na haraka hii. Lori la ushirika lilikuja siku yake, likija linanunua wote, aliyepita njia fupi na aliyezunguka rasi. Dagaa wako wakauke juu ya chanja, unywe uji, ukifika umefika. Tangu biashara iwe ruksa kila mtu ana lori lake, na kila lori lina haraka yake. Anayefika wa kwanza kutoka kambini, kule ng'ambo ya rasi tunakokaushia dagaa, anauza, wa pili anabembeleza, wa tatu anarudi na magunia yake. Ndiyo maana Magego, ambayo baba yako alipita labda mara nne maisha yake yote, nyinyi mkayafanya njia ya kila wiki. Kuzunguka rasi ni nusu siku. Kukatiza kwenye pengo la Magego ni muda wa kusonga ugali.

Siku ile ulikuwa umeandika Hakuna. Nakumbuka ulipigia na mstari chini. Uliwaeleza watu palepale: leo mawimbi si matatu, kuna la nne linatoka pembeni, upande wa magharibi, linakuja wakati unadhani umepona. Watu wakakuelewa. Mzee Longino mwenyewe, mzoefu kuliko wote kabla macho hayajamwisha, alisema, "Kijana amesoma vizuri. Tulaleni."

Akaja Bwana Haraka na miwani yake. Magunia yapo kambini, lori limeshawashwa, na kule Mbinga wenye kahawa wamelipwa, wanataka dagaa. Akasoma ubao. Akacheka. Akasema, "Kumbe kijiji hiki hakina wanaume. Basi nakwenda kununua kijiji kinachofuata."

Watu wote wangenyamaza, angekwenda zake. Hata wewe ulinyamaza. Ulikuwa unasugua chaki kwenye suruali.

Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa na beseni kichwani, hata sikulitua. Nikasema, "Hakina wanaume? Unamwona huyu? Huyu wangu anapita Magego kama anavyopita mlango wa jiko langu. Ubao ule anawaandikia wengine, yeye haumhusu!"

Watu wakapiga vigelegele. Mama Oliva akasema, "Mama Kasiani bwana, hana breki." Na mimi, mwanangu, nilifurahi. Lazima niseme kweli, barua hii kama si ya kweli ni ya nini? Nilijisikia mrefu.

Ukaniangalia. Hukukasirika. Ukasema, "Mama, umeshasema mbele ya watu." Ukacheka kidogo, ukachukua kafi lako.

Kwenda ulipita. Kurudi, na magunia, nilikuwa nimesimama pale juu. Niliona midomo yako inahesabu. Labda sikuiona, ni mbali, lakini naiona. Moja. Mbili. Tatu. Ukaingia pengoni. Na lile la nne likaja kama ulivyokuwa umewaambia watu.

Nimeliandika. Mwandiko bado unasomeka.

Sasa habari za nyumbani. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Redio yako anayo Batista, ameinunulia betri mpya, lakini anaifungulia kwake kwa sauti ya chini kwa heshima. Ghala la ushirika mtu ameomba alikodi auze mitumba, kwa hiyo sijui ubao tutautundika wapi. Wale vijana wenu waliokuwa wakitelezea mawimbi kwa vipande vya mitumbwi iliyovunjika, pale kwenye mchanga, wameacha. Hakuna aliyewakataza. Wameacha tu, na ufukwe umekuwa mkubwa.

Na habari kubwa ni hii.

Unajua desturi yetu. Mtu hajiiti mzoefu wa Magego, hata awe na mabega kama ng'ombe. Mpaka mama yake ampe kafi mkononi, ufukweni, mbele ya watu, aseme, "Huyu naye anajua." Bila hilo hakuna atakayempakilia hata kikapu apite nacho siku za Wazoefu tu. Wewe nilikupa mapema kuliko kijana yeyote wa rika lako, na nilisema maneno mengi kuliko yale yanayotakiwa, mpaka Mzee Longino akasema, "Mama, tumeelewa, mwache mtoto aende." Nilizoea kusema. Kuku wangu akitaga, nasema. Nani angenizuia kwa mwanangu?

Tangu ulipoondoka, mzoefu hayupo. Longino haoni. Siku za Wazoefu tu naandika Wazoefu tu kwa sababu siwezi kudanganya ubao, lakini nikishaandika hakuna anayekwenda, wote wanazunguka rasi, na Bwana Haraka anapiga honi tangu asubuhi. Kwa hiyo watu wakaanza kumtazama Batista. Kisha wakaanza kunitazama mimi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alikuja. Nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu ufukweni tunachambua dagaa wa usipa. Alikuja amevaa shati la kanisani, amechonga kafi jipya, zuri, amelipaka mafuta. Mkewe nyuma yake. Bwana Haraka amesimama karibu na lori anajifanya anaangalia tairi. Batista akapiga goti, "Shikamoo mama," nikaitikia, akaniwekea kafi mapajani. Yaani nimrudishie. Basi tu, nimrudishie na kusema maneno matatu.

Watu wakageuka kututazama. Wengine walishaanza kutabasamu, wanajua nitaanzia mbali, nitawaambia hata alivyozaliwa.

Nikalishika lile kafi. Nikasema, "Huyu hajui."

Nilisikia mtu amecheka, akidhani ni utani wangu. Nikarudia. "Batista hajui Magego. Kasiani ndiye aliyekuwa anajua. Huyu azunguke rasi."

Mama Oliva akasema, "We Mama Kasiani, umeamkaje leo? Wewe ambaye mtoto wako akipiga chafya tunaambiwa amepiga vizuri!"

Batista hakuinuka pale alipopiga goti. Akasema polepole, "Mama, mimi ndiye niliyemtoa kaka pale. Kila jiwe nimeligusa kwa mkono."

Nikamjibu, "Kumtoa mtu si kupita."

Sijui nilitoa wapi maneno yale. Yalitoka makavu kama pumba. Nikaliweka kafi kwapani, nikaacha usipa wangu haujachambuliwa, nikaondoka. Nyuma nikasikia lori linaondoka pia, na kijana mmoja anasema, "Poleni jamani, kumbe tulikuwa na mwanamume mmoja tu."

Hilo lilikuwa la Jumapili. Leo ni Ijumaa. Batista anapita mbele ya mlango wangu akienda ziwani na kafi la kuazima. Anazunguka rasi, hata siku za Wote. Anaondoka kabla ya jogoo ili awahi, na bado anafika wa tatu au wa nne. Vijana wamempa jina, wanamwita Mzunguko. "Mzunguko huyo! Mzunguko, wasalimie watu wa rasini!" Mkewe ananiletea mboga, analia yeye, mimi simjibu. Batista mwenyewe haniamkii. Mtoto niliyemzaa ananipita kama mlingoti wa simu. Angenitukana ningejua la kufanya.

Wanafikiri huzuni imenigeuza, kwamba nampenda marehemu kuliko aliye hai. Mama Oliva amesema hivyo hadharani, na amenishauri niende kwa padri. Waache. Kama nikiwaeleza sababu, Batista naye ataisikia, atakuja kuniambia, "Mama, si kosa lako, nipe kafi." Ana moyo huo. Nami nitampa. Najijua. Mtu akinibembeleza kidogo mdomo wangu unafunguka wenyewe.

Kwa hiyo nimekuja kwako, kwa sababu wewe hutamwambia mtu.

Nikuambie, na usikasirike: anajua kuliko wewe. Juzi nilimwona amesimama juu ya mwamba peke yake, anatazama mawimbi, hakujua nipo. Alikuwa anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, na alihesabu mpaka nne ndipo akafunga mkono. Wewe ulikuwa na nguvu, mwanangu, na ulikuwa mzuri wa sura, hakuna wa kukufikia. Lakini ulikuwa na haraka ya kufurahisha watu, umenirithi mimi. Yeye amemrithi baba yenu. Anasubiri. Mkono wake kwenye kafi ni kama mkono wa mtu anayebembeleza mtoto mchanga. Nimezaa wavuvi wawili ambao ziwa zima halina. Na mabega yale! Na alivyovaa shati lile la kanisani, mweupe wa roho, amepiga goti mbele ya watu kwa mama asiye na akili! Mwanamke gani ana mtoto kama huyo? Mtu gani?

Umesikia? Nimeyasema. Yalikuwa yamenijaa tangu Jumapili.

Basi nakuaga. Jua limepanda na Mwera hauchoki, karatasi inataka kunitoka mikononi. Lala, Kasiani wangu. Tunza nafasi yangu hapo karibu na baba yako, lakini usiwe na haraka nayo. Nakuahidi jambo moja. Kila wakiniuliza kuhusu Batista nitasema hajui. Nitasema akiwa na mvi. Nikitaka kumsifu nitachukua karatasi nikuandikie wewe.

Mimi mama yako,
aliyekuzaa