Dakika Arobaini na Tano za Kununa

Jumapili, alasiri. Mahabibo, Mahajanga.

Joto la kabla ya mvua. Mabati yanalia juu ya kichwa changu na feni imeshakata tamaa. Nyumba tupu, wote wamekwenda hospitali kumwona Mama. Nimebakishwa nipike, na badala ya kupika naandika.

Naandika Kiswahili kwa sababu humu ndani hakuna anayekisoma. Kwetu tunasema Kimalagasi, wazee wanachanganya na Kingazija, na Kifaransa ni cha makaratasi. Kiswahili nilikiokota Unguja. Nilipelekwa huko kwa mama mdogo mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na miaka saba. Tulikuwa kisiwani Nosy Be wakati huo, mji wa Dzamandzar, baba akifanya kazi kiwanda cha sukari, na midomo ya kulisha ilikuwa mingi. Ilibidi mmoja aende. Nikaenda mimi, na mdogo wangu Sakina akabaki.

Niliporudi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nikamkuta Sakina anamalizia sentensi za Mama kabla Mama hajazimaliza, na wakicheka sijui wanacheka nini.

Nimepita hamsini sasa, nina wajukuu wawili, na bado namwonea wivu mdogo wangu.

Basi, nimeshasema.

Mama anaishi Nosy Be kwa Sakina, hilo halina mjadala. Lakini kila mwaka huja kwangu Mahajanga kwa maulidi ninayosomesha nyumbani, na mwaka huu alikuja mwezi mzima kabla. Mwezi mzima wangu peke yangu! Sakina akawa anapiga simu kila asubuhi kuuliza kama Mama amekunywa dawa yake ya presha. Kila asubuhi, saa ya chai. Siku moja nikamwambia fimbo ya mbali haiui nyoka, Mama yuko mikononi mwangu. Akaniaga, na mimi nikaona nimeshinda.

Ukweli ni kwamba dawa sikuiangalia. Mama alisema anajisikia mzima, na kwamba vidonge vile vinampeleka chooni kila mara. Sakina angemfokea. Mimi nilitaka kuwa binti asiyefoka, kwa hiyo nikamwacha. Na nilimpikia samaki wa chumvi karibu kila siku kwa sababu kwa Sakina hapewi. Nilingoja aseme kwangu kuna raha zaidi. Alisema samaki ni mtamu.

Sakina akafika Jumatatu. Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya maulidi.

Siku kama hiyo wanawake wa kwetu hujipaka usoni tangu asubuhi ule ujiuji wa mti wa manukato unaosuguliwa kwenye jiwe kwa maji mpaka uwe kama udongo. Hapa wanauita masonjoany. Unguja tulikuwa na liwa, ni jamaa yake. Jioni ukiosha, ngozi inakuwa laini. Mama ndiye anayetuchora, kwa njiti ya kiberiti, na mkono wake una sifa kutoka Nosy Be mpaka huku. Ukishapakwa hutakiwi kuongea sana wala kucheka, maana ukikauka hupasuka. Kwa hiyo asubuhi ya maulidi nyumba yangu huwa na wanawake wengi na maneno machache, jambo la ajabu.

Nina hesabu yangu ya miaka mingi. Sakina huchorwa maua ya yasmini kwenye mashavu yote mawili, petali tano tano. Mimi hupata vidoti.

Jumatano Mama, naye ameshajipaka wake na umekauka, akaniita mimi kwanza. Kabla ya Sakina. Nilikaa mbele yake kwenye mkeka kama mtoto wa chuo cha Kurani. Akaanza ua shavu la kushoto, likaja zuri. Alipofika la kulia njiti ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Petali moja ikateremka mpaka kidevuni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mkono umekufa ganzi, kisha akanipungia nipishe, zamu ya Sakina.

Nilimsikia. Naandika tena nisijidanganye: nilimsikia akisema mkono umekufa ganzi.

Nikadhani ni kisingizio. Nikadhani kachoka na mimi katikati ya shavu, nguvu anamwekea mwanawe. Nikaingia chumbani, nikanawa uso wote kwa hasira, nikajilaza. Na nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasorobo. Niliitazama kwa sababu nilitaka kujua itachukua muda gani mtu kuja kuniuliza nina nini.

Ndivyo nilivyo. Hata nikinuna, nahesabu.

Saa nne na nusu mlango ukafunguka, ni Sakina, anatafuta kioo. Nikamtazama usoni, jicho la kulinganisha, lile ninalolijua. Maua yake yameharibika. Mashavu yote mawili. Mistari imelala, moja imepita mpaka sikioni.

Furaha niliyoipata siwezi kuificha hapa. Ilikuja kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Leo na wewe umeonja!

Halafu nikamtazama tena. Mimi, Mama anaweza kunichora vibaya. Sakina hawezi. Katika hesabu yangu yote ya miaka, siku hiyo haipo.

Nikatoka mbio. Mama alikuwa amekaa palepale kimya, uso umefunikwa na ule udongo, na hakuna aliyeshangaa ukimya wake, maana wote walikuwa kimya. Nikamwambia acheke. Shangazi yetu akaninyooshea kidole, utampasua uso. Nikamwambia tena, Mama, cheka. Akacheka. Upande wa kushoto ule udongo ukapasuka mpaka chini ya jicho. Upande wa kulia haukupata hata ufa mmoja.

Mwaka jana muuguzi alikuja kwenye kikundi chetu cha wanawake kutusomesha kiharusi. Nilikwenda kwa ajili ya sambusa, nakiri. Lakini maneno yaliingia: uso ukilala upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, ukiona hata kimoja usingoje cha pili, peleka mtu hospitali, na kumbuka saa ilipoanza. Nikamwambia Mama anyanyue mikono yote miwili. Wa kulia ukapanda kidogo, ukaanguka kwenye paja. Nikamwambia apige bismillahi. Mama yangu, aliyenifundisha bismillahi kabla hawajanipeleka, akatoa kitu ambacho hakikuwa neno.

Shangazi akasema ni upepo huo, mlazeni, mpeni maji ya sukari, aitwe fundi, mganga wetu. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni, nikakisukuma. Muuguzi alisema mtu wa hivyo humpi kitu, wala maji wala kidonge, atapaliwa. Nikamwambia Shangazi, "Fundi atakuja tukirudi. Sasa hivi ni bajaji." Sakina, mjuzi wa dawa na simu zake zote, alikuwa amesimama analia. Na mimi, Mama akiwa katika hali ile, nikapata nafasi ya kuona kwamba nimemzidi.

Dereva wa bajaji ni jirani yetu. Alipoona mwanamke mzima analazwa ubavu kiti cha nyuma hakuuliza nauli, alipiga honi toka Mahabibo mpaka mlangoni mwa hospitali.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alimgusa Mama huku na huku, kisha akauliza dalili zimeanza saa ngapi. Sakina akajibu haraka, saa nne na nusu, dada yangu ndiye aliyegundua. Shangazi akaongeza kwamba bila mimi wangemlaza. Daktari akanitazama kwa heshima, akaandika.

Ingekuwa rahisi sana. Saa nne na nusu, nami ni shujaa. Maisha yangu yote nimengoja Sakina aseme sentensi kama ile mbele za watu.

Nikamwambia daktari hapana. Saa nne kasorobo. Akauliza nina hakika gani. Nikasema wakati ule njiti ilimponyoka usoni kwangu, akaniambia mkono umekufa ganzi, na mimi niliitazama saa.

"Na baada ya hapo?"

"Nikaenda kulala. Nilikuwa nimekasirika."

Sakina akanigeukia. Yeye na Shangazi walikuwa bado na udongo usoni, umechanganyika na machozi na jasho. Uso wangu ulikuwa safi. Nilimwona akiutazama uso wangu safi, na nikaona amejua kila kitu, si cha Jumatano tu.

Daktari akakata, akaandika upya. Akatueleza bila kutulaumu kwamba kuna dawa zinazotolewa tu kama muda haujapita, na kuna mishipa inayoziba na inayovuja, na matibabu hayafanani, ndiyo maana ni lazima picha ya kichwa kwanza, na saa iwe ya kweli. Mama akasukumwa kwenda kupigwa picha. Ulikuwa ni mshipa ulioziba.

Yuko hai, alhamdulillahi. Mguu unarudi. Mkono wa kulia bado unalala. Vidonge vya presha sasa ni kila siku mpaka mwisho, ajisikie mzima asijisikie, na samaki wa chumvi basi. Kama zile dakika arobaini na tano ndizo zilizouchukua mkono ule, sijui. Daktari hajasema na mimi sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Simu hazikatiki. Kutoka Nosy Be, kutoka Ngazija, wote wananishukuru, Rukia kamwokoa mama yake. Sakina anakaa karibu yangu, simu iko wazi, anaitikia. Ndiyo, ni dada. Tusingekuwa na dada, tungempoteza. Siku nne hajamwambia mtu lile la kulala kwangu. Ningekuwa mimi ndiye yeye, lingekuwa limeshafika Ngazija kabla ya magharibi.

Jana nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa nini hasemi. Alikuwa anamenya muhogo. Akasema, "Zoky," ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu hapa, "mimi nilikaa naye miaka kumi na mbili ambayo wewe hukukaa. Nisemeje?"

Nilikwenda uani kulia, na nikiwa ninalia nikagundua nauonea wivu hata moyo wake.

Asubuhi ya leo Mama alitamka jina la kwanza lililonyooka. Lilikuwa la Sakina. Lingekuwa la nani?

Kesho zamu ya asubuhi ni yetu sote wawili. Daktari anasema Mama anaelewa maneno, kuyatoa ndiko kuna kazi. Kwa hiyo nitamwambia. Nitamwambia nilimsikia na nikaenda kulala, na nitamwomba radhi, akiniitikia kwa kichwa au akikigeuza. Nimeshatayarisha kanga ya kutokea. Nitaondoka swala ya alfajiri ikiisha tu, kabla Sakina hajaamka.

Hata radhi ya Mama nataka niwahi mimi kuipata.