Mume Wangu Anamchongea Nani Gitaa Lisilo na Kichwa?

Mpendwa Shangazi mshauri,

Naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana hata mimi nikijisikiliza naona haya, mwanamke mzima kuchunguza gitaa wakati wenzangu wanachunguza simu, lakini simu ya mume wangu nimeshaiangalia haina kitu, gitaa ndilo lenye maneno. Nakuandikia mtoto yuko mgongoni, kwa hiyo nikiruka neno nisamehe, nikimlaza tu anaamka.

Mume wangu ni seremala, kazini kwao wanatengeneza milango na makabati, na kukiwa na harusi anapiga besi kwenye bendi ya marafiki zake. Tulijuana huko huko kwenye harusi ya watu, wenzake wanarukaruka mbele na yeye kasimama nyuma na lile gitaa lake jeusi, refu, zito, hasemi na mtu, na mimi nikampenda kwa kule kunyamaza kwake. Sasa ndiko kunakonimaliza.

Tangu mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, baba yake naye akaanza kutengeneza gitaa jingine kwenye kile kichumba cha nyuma tunachoanikia nguo za mtoto mvua ikinyesha, na nguo zimehama, sasa kumejaa mbao na jiriwa ya kubania mbao na harufu ya gundi, hayo nimeyavumilia. Ila gitaa lenyewe, Shangazi, halina kichwa. Kama hujui, gitaa la kawaida lina kichwa kule mwisho wa shingo, ndiko kwenye vile vifunguo vya kukazia nyuzi, lakini hili shingo inafika mahali inakatwa tu kama mkate uliokatwa ncha, na nyuzi zitakazwa huku chini kwenye tumbo lake, kwenye chuma kimoja kizito. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani limevunjika nikampa pole, akacheka akaniambia, "Ndivyo linavyotakiwa kuwa."

Nikasema haya, kila mtu na mapenzi yake. Lakini nikawa naliangalia kila nikipita, na nikaona linazidi kuwa dogo, shingo fupi, ubao wa tumbo ameuchimba ndani kwa patasi mpaka ukiunyanyua unafikiri umebeba sinia. Na mume wangu ni mrefu, anainama kuingia jikoni. Nikamuuliza, "Mbona dogo hivi?" Akajibu bila kuinua macho, "Ni la mtu asiyependa mzigo."

"Mtu gani?"

"Mama, nipishe kidogo hapo, nipige randa."

Ndiyo jibu nililopewa.

Sasa kwenye bendi yao kuna mwimbaji, dada mmoja mfupi kiasi kwamba kipaza sauti wanamshushia mpaka mwisho, bendi nzima wanamwita Kisoda na yeye anaitika. Sikuwa na neno naye, nilipojifungua alikuja na sabuni na nepi akambeba mtoto vizuri kabisa. Lakini mwaka huu huu alisema mbele yangu kwamba angependa kujifunza besi, na mimi nimelisimamisha lile gitaa nikalitazama, nikamwaza Kisoda amelivaa, Shangazi, linamkaa kama kapimiwa na fundi cherehani.

Na si gitaa peke yake. Mume wangu alikuwa mtu wa fulana, ukimnunulia shati linakaa kabatini mpaka linazeeka, leo havai fulana hata moja, ni mashati ya vifungo kila siku, mpaka kazini, wewe niambie nani anavaa shati la vifungo kwenda kupiga msasa kama hakuna wa kumtazama? Halafu kuna siku anachelewa kurudi, na akirudi ananukia mafuta ambayo si ya nyumba hii, makali kama minti, anapita moja kwa moja kwenda kuoga. Kitandani amegeukia ukutani, na nikimshika begani anashtuka kama nimemwagia maji.

Yote hayo ningeyameza. Kinachoniuma ni mtoto. Zamani alikuwa akimrusha juu na kumdaka mpaka nampigia kelele, sasa mtoto akimnyooshea mikono anatafuta kwanza pa kukaa, anasema, "Mlete hapa," au anasema, "Mpe bibi yake." Mtoto ananyoosha mikono mpaka inachoka anaishusha. Mwanaume akianza kumkwepa mtoto wake, moyo si umeshahama?

Basi mchana mmoja Kisoda akaja nyumbani, mimi niko uani naanika, dirisha la kichumba liko wazi, na nikamsikia kwa masikio yangu haya anasema, "Umeshamwambia mkeo?"

Mume wangu akasema, "Bado. Ana mtoto mdogo, amechoka, nitamwambia."

"Kila siku nitamwambia. Atakuja kujua kwa njia mbaya, na mimi nikiulizwa sitasema uongo."

"Hatakuuliza."

"Wewe humjui mkeo," Kisoda akasema, na wakacheka. Wakacheka, Shangazi.

Alipoondoka aliacha kifurushi kimefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Ndani kulikuwa na kile chuma cha kukazia nyuzi, Kisoda alikiagiza kwa dada yake aliyeko mbali maana huku hakipatikani, na mume wangu alikishika kama anashika yai.

Kesho yake alipokwenda kazini nikaingia nikakichukua. Sikukiiba, nilikiweka, kiko kwenye mfuko wa nguo za mtoto zilizombana, hakuna anayeufungua ila mimi. Bila kile chuma lile gitaa ni ubao tu, nyuzi hazina pa kushika. Nilitaka limkwame, akiulizwa na mwenye gitaa aseme nini, na mimi nisikilize.

Ila sikufikiria mbele. Mama mkwe wangu tunaishi naye na ni mtu wa ufagio, haoni takataka akapita, na mume wangu alipokikosa akapindua maranda yote ya mbao, halafu akamwendea mama yake. Akamwambia, "Mama, nimekuomba mara ngapi usiingie humu na ufagio wako?"

Mama akasema, "Baba, nimekufagilia tangu hujui kutembea, leo nimekuwa mwizi?"

"Sijasema mwizi."

"Umesema nini basi?"

Akarudi kwenye maranda yake. Sasa mama anabisha hodi kabla ya kuingia jikoni, jikoni kwake, kama mgeni. Amekunja nguo zake anasema Jumamosi anakwenda kwa binti yake, na ndiye anayenishikia mtoto nipate kulala hata kidogo, na hajawahi kunikosea. Ananiambia, "Mwanangu, labda kweli nilikifagia, macho haya siku hizi." Nikabaki nakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Nikikirudisha, mume wangu atajua nimempekua na sitakuwa na kitu mkononi, Kisoda atapata gitaa lake na mimi nitabaki na nepi. Nikikaa nacho, mama anaondoka kwa kosa langu. Nimfuate Kisoda kwanza? Nikitupe kabisa? Nampenda mume wangu, lakini sitakaa kwenye nyumba ninayochekwa dirishani. Nijibu kabla ya Jumamosi.

Mama wa Mtoto Mgongoni


SHANGAZI ANAJIBU

Mama wa Mtoto Mgongoni, pole. Mtu asiyepata usingizi anafikiri kwa ukali, hilo silo kosa lako.

Kosa lako ni hili: "Sikukiiba, nilikiweka." Hebu simama mbele ya mama mkwe wako umwambie maneno hayo hayo, uone kama yatakutoka mdomoni. Mama wa watu anayasingizia macho yake ili kukulindia amani ya nyumba, na wewe unakoroga uji. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningeshakuja hapo kwako na maneno makali kuliko haya.

Sasa tuje kwenye gitaa. Mimi sijui gitaa, lakini hapa ofisini yuko mwenzetu anayepiga, nikamsomea kipande chako cha shingo fupi na tumbo lililochimbwa, sikumtajia mwanamke yeyote. Hakuuliza ni la nani. Aliuliza, "Huyo bwana bega lake lina nini?"

Akanieleza. Gitaa la besi mkanda wake unakaa bega la kushoto. Mkono wa kushoto ndio unaokwenda mbali, unanyooka mpaka mwisho wa shingo, na kukaza nyuzi unazidi kunyooka mpaka kule kichwani. Na kile kichwa kizito kinavuta chini muda wote wimbo unapoendelea. Toa kichwa, fupisha shingo, punguza uzito, hamishia vikaza nyuzi chini karibu na mkono wa kulia. Umepata gitaa la mtu ambaye mkono wake wa kushoto umeacha kumtii.

Nikarudi kwenye barua yako, na safari hii niliisoma bila Kisoda. Mwanaume ameacha fulana, na fulana haivaliwi mpaka uinue mikono juu ya kichwa. Shati la vifungo unaliingiza taratibu, mkono mmoja mmoja. Ananukia mafuta makali kama minti. Mwanangu, mwanamke gani anayejipaka dawa ya kuchua kwenda kumwona bwana? Ukimshika begani anashtuka. Hukusema ukuta uko upande gani wa kitanda, lakini nitabahatisha kwamba akiugeukia anakuwa amelalia mkono wa kulia. Na mtoto hajamkwepa. Anaogopa kumdondosha.

Siapi. Sijamwona huyo mtu, na Kisoda anaweza kuwa na lake. Lakini nimesoma barua nyingi za mahawara kwenye kazi hii, na ni wachache mno wanaomhimiza mwanaume akamweleze mkewe. Yale maneno ya dirishani mimi nayasikia kama ya mtu aliyechoka kutunza siri isiyo yake. Walicheka, ndiyo. Walikucheka kwamba una macho makali. Unayo, ila umeyaelekeza kwa mtu mmoja tu.

Na huyo mumeo nina ugomvi naye. Seremala mwenye bega bovu anaogopa kuondolewa kazini, hilo naelewa, na anaogopa kukuongezea mzigo wakati hulali. Lakini kumwachia mkeo nafasi tupu na kutegemea ataijaza kwa mawazo mema ni upumbavu. Kama alikuwa na ulimi wa kumwambia mwimbaji, anao wa kukwambia wewe. Akisoma gazeti hili, amesikia.

Usimfuate Kisoda. Usikitupe hicho chuma. Leo, si Jumamosi, kitoe huko ulikokificha uende nacho chumbani kwa mama mkwe wako, ukae chini, useme, "Mama, mimi ndiye niliyekichukua." Usianze na habari za mwimbaji ili akuonee huruma. Atakasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Kisha mwombe akushikie mtoto, maana hata akiwa amekasirika atamshika.

Mumeo akirudi, mpe chuma chake mkononi, na hapo hapo umwambie kwamba mama yake hahusiki. Atakufokea, na safari hii ana haki. Akinyamaza, usijibizane na kunyamaza kwake. Mwombe akushushie kitu kutoka juu ya kabati, na umwombe atumie mkono wa kushoto.

Mkono ukipanda wote bila kusita, basi mimi na mwenzangu wa ofisini tumekosea, muulize gitaa ni la nani na usitoke hapo mpaka ajibu. Ukiishia kifuani, usiseme "kwa nini hukuniambia". Maneno hayo yapo, utayasema wiki ijayo na utayasema vizuri, nakuamini. Siku hiyo mfungue vifungo vya shati wewe mwenyewe, ulitazame hilo bega, na umwambie kesho mnakwenda hospitali wote wawili.