Namna Tulivyomzika Mgambo Sifaeli

Daraja Mbili,
Arusha.
14 Juni, 2025

Mpendwa Baba Mdogo Nathanaeli,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama mdogo Ndeshi amenidokeza kwamba bado unauburuta na mkongojo hutaki hata kuusikia. Baba mdogo, shika mkongojo, nani atakucheka kwa umri huo? Najua Songea kuna baridi, lakini hapa Juni hii imezidi. Wiki nzima Mlima Meru umejificha mawinguni. Sisi ni wazima. Mama anakula kidogo, ila anakula.

Baada ya mazishi ya baba ulinipigia simu ukaniuliza jambo moja tu: "Mlimzika kama askari?" Nikakata simu. Nisamehe, haikuwa jeuri, sikutaka unisikie nikilia. Najua kwa nini uliuliza. Mliondoka pamoja mwaka wa sabini na nane, mgambo wawili wa mama mmoja, mkaenda vita vya Kagera na mkarudi wote. Kaka yako kufukiwa kimya kimya, kama mtu ambaye hajawahi kuvaa buti, ingekuwa aibu kwako. Kwangu pia.

Ukweli ni kwamba wanajeshi hawakuja, wala hatukuwaita. Baba alirudisha sare akashika jembe, basi. Hapakuwa na bunduki wala tarumbeta, na jeneza tulilifunika kwa kitenge cha mama. Asubuhi ile roho iliniuma! Nikawaza, baba mdogo akiuliza nitamwambia nini?

Lakini jamani, baba hakuwa mtu mdogo pale Nduruma. Unaikumbuka baiskeli yake, madumu ya maziwa huku na huku, mpaka mjini kabla hakujapambazuka? Akirudi anaingia kwenye nyanya bila hata kukaa. Sisi wanne tumesomeshwa na mgongo wake. Na jioni bado alikuwa na nguvu ya kumtania mama kwamba ugali wake ulivyo mgumu, angeubeba Kagera vita vingeisha mapema.

Sasa sikia. Mchungaji alipomaliza na maua yakawekwa, watu wa mfereji wakajipanga mistari. Ni wale aliowaongoza miaka yote kufukua mfereji wa maji ya mashamba. Walikuwa na majembe waliyotumia kufukia kaburi. Mzee Yoeli, mwenyekiti wao wa sasa, akapaza sauti: "Mguu sawa!" Lo! Wazee kwa akina mama, wote wakasimama wima, majembe begani. Hata mchungaji alijikuta amenyooka.

Wakabaki hivyo hivyo. Ikatangazwa kwamba chakula kiko tayari, hakuna aliyesogea. Manyunyu yakaanza, hakuna aliyesogea. Wageni wa mjini wakaanza kutazamana. Nikamwendea Mzee Yoeli nikamnong'oneza, "Mzee, watu wanaloa." Akanijibu bila kugeuza shingo, "Aikaeli, hatujaruhusiwa."

Ndipo nikaelewa. Baba aliwafundisha kufanya kazi kwa kwata, na kila wakimaliza hakuna aliyeondoka mpaka yeye aseme, "Tawanyika!" Mzee Yoeli amepokea uenyekiti, ila neno hilo hakuthubutu kulichukua, kila mara walimwita baba aje aliseme, hata alipokuwa mgonjwa. Na sasa mwenye neno alikuwa chini ya udongo. Nikawatazama kaka zangu, wasemaji wote wale, kila mmoja anaangalia viatu vyake.

Mama akainuka kwenye kiti. Mama huyu huyu ambaye hata kwenye kikao cha ukoo hafungui mdomo! Akajifunga khanga vizuri, akaenda kusimama mbele yao, akawatazama mstari mmoja mmoja. Akasema, "Tawanyikeni, wanangu. Yeye ameshafika."

Wakageuka kwa hatua moja, wakaondoka kwa mwendo wa kwata, machozi yakiwatiririka na hakuna aliyeyafuta. Baba mdogo, nililia kwa fahari, si kwa uchungu.

Basi jibu langu ni ndiyo. Alizikwa kama askari, na waliompigia saluti ni wale aliowaletea maji.

Nisalimie sana mama mdogo Ndeshi na Nice na wanawe. Mama anakusalimu, na kaka Oscar pia. Mungu aliyewatoa wote wawili vitani aendelee kukushika mkono.

Mwanao akupendaye,
Aikaeli Sifaeli